Moto wa Baba Yako

Masika mwanangu,

Hicho kiberiti ulichokikuta juu ya karatasi hizi kiache hapohapo kwanza. Si cha jiko. Chai iko kwenye chupa, mayai nimechemsha, na usinitafute nyumbani kwa sababu sipo. Keti kitandani usome mpaka mwisho, hata kama mwandiko wangu unakuudhi. Masista walionifundisha kuandika kule Butembo walikuwa wakituchapa vidoleni, ndiyo maana mpaka leo herufi zangu zinalala kama zinaogopa.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kwa kuimba. Nataka kusema juu ya lile neno ulilonitupia Jumapili.

Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo. Ukasimama mlangoni na shuka zako mkononi, ukasema, "Mama, miye siendi Mbale. Dharma yangu iko hapa." Nikatupa mwiko. Majirani wanasema nilikurushia wewe, lakini haki ya Mungu nililenga sufuria. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto. Ulidhani nalia kwa sababu unakataa chuo cha ukunga ambacho umekililia tangu ukiwa na magoti yenye vidonda. Nililia kwa sababu nilijua ni nani aliyekufunga hapa. Ni mimi, Masika.

Naandika jioni hii na nakuona kwa dirisha. Umechuchumaa kando ya kaburi la Baba yako, pale karibu na migomba. Umemimina mafuta ya alizeti kwenye kile kifuniko cha kopo, umesokota pamba, umewasha. Utakaa hapo mpaka kizimike chenyewe. Mvua ikinyesha hukifunika kwa kipande cha bati, na hujakosa jioni hata moja tangu tumlaze pale. Uliniuliza, "Nikienda, nani atawasha?" Na mimi, mwanamke wa rozari, nikajifanya sijasikia. Tiketi imekatwa, sanduku limefungwa kwa sababu nimelifunga mimi, na wewe mpaka sasa hujasema utaenda wala hutaenda. Basi nisikilize.

Neno hilo nililisikia mara ya kwanza dukani kwa Baba yako. Nilikuwa nimevuka daraja la Mpondwe kutoka Kongo kuingia Uganda na wanawake wenzangu, tumeuza maharage, nataka misumari ya kuezekea banda la mama yangu. Nyuma ya kaunta alikuwa Mhindi mwembamba, penseli sikioni. Nikachota misumari kwenye sanduku lililokuwa karibu. Akaimwaga yote, akasema, "Mama, hii ni ya mbao. Wewe nataka ya bati, yenye kofia." Nikamwambia msumari ni msumari. Loo! Nilijuta. Alinishika pale kwa mahubiri ya misumari mpaka wenzangu wakaniacha. Ya bati ukiipigilia kwenye kiti, mbao inapasuka. Ya mbao ukiiweka kwenye bati, mvua inaingia. Hakuna iliyo mbaya, kila moja ina dharma yake. Nikarudi wiki iliyofuata kununua misumari ambayo sikuihitaji, na wewe unajua yaliyofuata.

Baada ya kuoana nilimsumbua sana na neno hilo. Nilimwuliza kama ni dini. Akasema dini imo ndani yake lakini haitoshi. Nikauliza kama ni wajibu, au haki, au amri kama zile kumi za kwetu. Akatikisa kichwa kama wanavyotikisa wao, huelewi ni ndiyo au siyo. Akanipeleka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, akanionyesha kenchi za paa kabla hazijafunikwa. "Hii," akasema. "Bati ikikaa juu, hapana ona hii tena. Lakini ndiyo inabeba yote." Kwa lugha ya wazee wake, alisema, neno lenyewe latoka kwenye kushika na kubeba. Dharma ndiyo inayoishika dunia isianguke, na ndiyo inayomshika mtu. Hakuna anayesimama na fimbo akikuamuru. Ukiiacha, nyumba yako yenyewe inaanza kulia.

Mimi si mtu wa kukubali haraka, wanijua. Nikamwuliza, "Kwa hiyo mtu akizaliwa mfagiaji, dharma yake ni kufagia mpaka kaburini? Hiyo ndiyo kenchi?" Tukarudi dukani. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mwanaume anayependa mambo ya kwao. Alisema wazee wao walilichukua neno zuri wakalifanya kamba, wakawafunga nalo watu. Alisema kamba hiyo yeye mwenyewe ilimpata shingoni. Alipowaandikia ndugu zake kwamba anamwoa Mnande wa Kongo, Mkatoliki, muuza maharage, walimjibu kwamba amevunja dharma na wasisikie jina lake tena. Mama yake mzazi alikufa bila kuongea naye. Alinisimulia hayo akipanga makopo ya rangi, hakunitazama, na makopo aliyapanga vibaya.

Unaikumbuka ile siku ya Kabatoro? Ulikuwa mdogo, tulikwenda kuchukua chumvi, ukalamba kidole ukakunja uso. Baba yako, aliyekuita binti kwa lugha ya kwao, akakuuliza, "Dikri, dharma ya chumvi ni nini?" Ukasema kukolea. "Ya moto?" Kuunguza. "Ya Baba?" Kupima misumari. "Ya Mama?" Ukapiga kelele mbele ya wachimba chumvi wote, "Kugomba!" Jamani, wale watu walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Mimi nilinuna njia nzima mpaka nyumbani Bwera. Lakini lile alilosema baadaye kwenye gari hukulisikia kwa sababu ulikuwa umelala mapajani mwangu. Alisema chumvi ina bahati, dharma yake ni ileile kuanzia ziwani mpaka kwenye chungu. Ya mtu hugeuka kadiri anavyokwenda. Mtoto dharma yake ni kujifunza. Akikua ni kulea na kulisha wengine. Akizeeka, ni kuachilia. Akasema hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda watu wengi. Nikamjibu, "Wewe endesha gari."

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Figo zake zilipochoka alikuita, ukiwa na miaka kumi na minne, nami nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Alisema hataki shimo. Anataka moto kando ya mto Lhubiriha, hapa mpakani, na majivu yaingie majini. Akatutania kwamba atakaa Uganda na Kongo kwa wakati mmoja bila kuonyesha pasi. Kisha akakushika mkono akasema, "Kwetu mtoto wa kwanza ndiyo nawasha. Mtoto yangu wa kwanza ni wewe. Wewe ndiyo utawasha." Ukasema ndiyo. Mimi nami nikasema ndiyo, nikiwa na bakuli mkononi. Uji ulipoa wala hakuunywa.

Alikufa asubuhi. Kesho yake, kabla ya jua kupanda sana, kaka zangu walikuwa wameshavuka daraja, Mjomba wako Kambale mbele, wamebeba jeneza la kioo lenye kitambaa cha zambarau ndani. Walikuwa wamejichangisha ukoo mzima. Nilipomwambia Kambale habari za moto alinitazama kama nimerukwa na akili. "Dada, mutu ya maana kama ule, unamuchoma sawa takataka? Butembo watasema nini? Watasema hatukumupenda." Wanawake wa kanisani wakaniambia polepole, mkono begani, kwamba mume asiye na kaburi ni kama hakuwa mume. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, natazama miguu ya watu. Nikaanza kufikiri nitakwenda wapi kumlilia. Mtoni? Maji yanayopita?

Hapo ndipo uliposimama. Ulikuwa na gauni lako la shule na kiberiti mkononi. Ukasema mbele ya watu wote, "Baba aliniambia niwashe miye."

Masika, nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kusema, mume wangu aliomba hivi na itakuwa hivi, nao wangenuna na kunisamehe. Ningeweza hata kusema mimi ni Mkatoliki na roho yangu haitaki, na hapo angalau ningekuwa na la kujitetea mbele yako na mbele ya Mungu. Lakini nilisema nini? Nilichukua dini ya Baba yako nikaifanya fimbo. Nikasema, "Kwa dini yao moto unawashwa na mtoto wa kiume. Wewe ni msichana. Keti chini." Nikakunyang'anya kiberiti, nikakifunga kwenye pindo la kitenge changu. Ukakaa. Hukulia wala hukunibishia, na mpaka leo hujanibishia, na hilo ndilo linaloniua.

Tukamzika. Zege nene la juu lilimwagwa kwa simenti ya duka lake mwenyewe. Msalaba, Kambale aliuchomelea kwa nondo zilizokuwa zimeegemea ukuta wa stoo, nondo ambazo Baba yako alizipanga kwa mikono yake. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Kambale alilia akichomelea. Nadhani hakuna Mhindi mwingine aliyepewa mazishi ya upendo namna ile, na hakuna hata kitu kimoja kati ya vile alichokiomba.

Nilipata mahali pa kumlilia, na sijaweza kulia pale. Kila nikikaribia nakukuta wewe na taa yako. Nilidhani ni huzuni ya kitoto, itapita. Kisha nikaanza kuelewa kwamba hukuwa unamwombolezea tu. Ulikuwa unalipia moto ambao hukuwasha, kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, kwa kosa ambalo si lako. Na Jumapili ukaliita dharma.

Si dharma hiyo, mwanangu. Mimi sijasoma vitabu vyao, lakini nimelala kitanda kimoja na mtu aliyelibeba neno hilo, na nimeona likitumika kwa njia zote. Ndugu zake walilifanya kamba wakamtupa nje. Mimi nililifanya fimbo nikakukalisha chini. Na sasa wewe umelifanya pingu, umejifunga nalo kwenye mguu wa kaburi. Yeye alisema ni kitu kinachokushika usianguke. Hakusema kinakuzuia kutembea. Umri wako huu ni wa kujifunza, alilisema hilo siku ile kwenye gari ukiwa umelala. Kulinda kaburi ni kazi yangu mimi mjane, na mimi nilikuachia uifanye kwa sababu niliona haya kukaa pale.

Umeingia sasa hivi kuniuliza naandika nini. Nimekudanganya kwamba ni barua ya parokia. Una harufu ya moshi wa pamba kwenye nywele, kama siku zote. Nimekwambia ukalale, ukaenda. Ngoja nipanguse macho niendelee, karatasi inalowa.

Jumanne nilikwambia nakwenda hospitali kwa ajili ya goti. Uongo. Nilipanda gari mpaka Kasese, nikamtafuta Mama Kanta, yule mjane wa Kihindi mwenye mashine ya kusaga. Hajawahi kukanyaga kwetu tangu tulipomzika Baba yako kwa msalaba, na mimi nilikuwa namwogopa. Nilimkuta kajaa unga mpaka kwenye nyusi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza nikamwambia, "Nitukane basi, nimekuja kutukanwa."

Akaniletea kiti. Akasema, "Mwili iko chini ya zege, hiyo wacha ilale. Sasa sikiza. Mtu yetu akipotea majini, ama akifa mbali na mwili hapana rudi, sisi natengeneza mtu ya majani. Kichwa naweka nazi. Navalisha nguo yake. Nachoma hiyo, na majivu naweka kwa maji. Kazi imeisha. Roho najua njia."

Nikamwuliza, "Na msichana anaweza kuwasha?"

"Zamani walikataa. Siku hizi kule India mabinti wanawasha, mimi naona kwa simu." Akajipangusa unga usoni. "Hapa Kasese nani atakataa? Mimi ndiyo mzee. Mimi nasema ndiyo."

Nililia pale kwenye kiti chake, unga ukaniganda mashavuni. Akanipa nazi, akanifungia kwenye gazeti. Nikauliza kama nimeharibu dharma yangu kabisa. Akasema niache kujipa ukubwa, niende nikatafute majani. Huyo mama ana ulimi, tungekuwa marafiki siku nyingi.

Basi majani niliyakata mwenyewe kando ya mto, yale marefu magumu. Nimesuka vikapu tangu utoto, mikono yangu inajua kusuka, lakini kazi hii ilinishinda mara mbili nikafumua. Unafanyaje mabega ya mtu uliyelala naye? Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, pale kiganja kilipokuwa kikifika nikimkumbatia. Nimemvalisha lile shati la kijani la dukani, lenye tundu la penseli mfukoni. Nilikwambia niliwapa maskini. Huo nao ulikuwa uongo. Lilikuwa chini ya godoro langu.

Kambale alinikuta nikisuka. Nilijua ni vita. Alizunguka lile umbo, akatazama shati, akakaa chini kwenye jiwe. Akasema, "Ule mutoto, kila siku iko na kale kataa kake ka mafuta. Kila nikipita namuona. Miye niko na makosa pia." Kisha akasimama. "Dada, miye sijue mambo ya kuchoma watu. Lakini kuni najua." Akaondoka. Leo mchana amerudi na mkaratusi mkavu, safari baada ya safari kwa pikipiki yake, na ameupanga mwenyewe kando ya maji kwa namna Mama Kanta alivyoeleza kwa simu, huku akimgombeza kwamba Wahindi wanapoteza kuni nyingi.

Kwa hiyo mambo ni haya. Usomapo barua hii mimi niko mtoni, upande wetu, chini kidogo ya daraja. Mama Kanta yuko nami. Amefika jioni hii, atalala kwa binamu yangu, na ameshalalamika juu ya kitanda. Kambale yuko hapo nje, anajifanya anafuta pikipiki. Mwambie akulete, na sanduku lako mlifunge nyuma, kwa sababu kutoka mtoni atakupeleka moja kwa moja kwenye basi. Sijui kama majivu yatakuwa yamepoa kwa wakati huo. Yakiwa bado ya moto, wewe nenda, nitayatia majini mimi mwenyewe na nitakupigia simu uyasikie maji.

Taa ya jioni nitawasha mimi. Nimeshajua kopo la mafuta liko wapi na pamba inasokotwaje, nimekuchungulia vya kutosha. Nitasema Salamu Maria nikiwasha, na Baba yako atavumilia. Alinivumilia kwa mengi. Nitakaa pale kwa zamu yangu. Pengine sasa nitaweza kumlilia.

Sikuombi unisamehe leo, una basi la kuwahi. Utafanya hilo ukiwa tayari, kule Mbale, ukiwa umekasirika vizuri kwanza. Nikasirikie, Masika. Nakupenda, na nitakukosa mpaka nisijue mikono niiweke wapi, lakini afadhali unikasirikie ukiwa mbali kuliko unyamaze ukiwa karibu yangu.

Sasa chukua hicho kiberiti. Ni kilekile nilichokunyang'anya siku ile mbele ya watu. Nimekihifadhi kwenye nailoni, ndani ya sanduku la nguo zangu, miaka hii yote. Jana nilijaribu njiti moja, inawaka. Zilizobaki ni zako.

Simama, mtoto wa kwanza. Njoo umwashie Baba yako.

Mama